Bunduki Nyepesi ya Kuagiza na Bei ya Mkono wa Pili

Mmarekani aliyemlipa fundi dola 6,000 amuundie bunduki nyepesi ya kuwindia milimani, akaibeba misimu kadhaa kisha akaamua kuiuza, hushtuka siku anapotajiwa bei ya kwanza. Mnunuzi haulizi iligharimu kiasi gani. Anauliza mtutu umeshapiga risasi ngapi, ni kaliba gani, nani aliiunda, na kuna karatasi gani ya kuthibitisha hayo. Muuzaji anaona kazi ya mikono iliyochukua miezi, ilhali aliye mbele yake anaona chombo cha mtu mwingine asichokijua. Pengo hilo ndilo linaloamua bei, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua pia kama mauzo yatakuwa halali na salama. Katika soko hili hulipwa kile ambacho mgeni anaweza kuthibitishiwa. Mengine yote, hata yawe ya kweli kiasi gani, hubaki kuwa faida ya mwenye mali wa kwanza.

Bunduki ya kuwindia iliyotoka viwanda vya Marekani katika karne iliyopita, mathalani Winchester Model 70 iliyoanza kuuzwa 1936, ilikuwa na uzito wa kilo 3 na nusu hivi kabla ya kufungwa darubini. Kwa anayewinda karibu na gari lake, huo si mzigo. Kwa anayepanda milima ya Idaho na Montana kuwafuata kulungu wakubwa waitwao elk, au safu za Alaska kuwafuata kondoo weupe wa Dall, nusu kilo ni jambo la kufikiriwa, kwa sababu ataibeba kutwa nzima na huenda akafyatua mara moja tu, au asifyatue kabisa. Jack O'Connor, aliyeandika miaka mingi katika jarida la Outdoor Life na kuifanya kaliba ya .270 Winchester ya 1925 ipendwe nchi nzima, alikuwa akizipeleka Model 70 zake kwa Al Biesen, fundi wa Spokane katika jimbo la Washington, azivishe vitako vipya vya mbao za mjozi. Wasomaji wake wengi walijifunza hapo kwamba bunduki ya kiwandani ni mwanzo tu wa kazi.

Katikati ya miaka ya 1980, Melvin Forbes wa Granville, West Virginia, alikwenda mbali zaidi. Badala ya kuchonga kilichopo, aliunda mtambo wake mwenyewe, yaani ule mwili wa chuma unaobeba bolti na kushika mtutu, na kuuita Model 20, kwa kuwa ulikuwa na uzito wa aunsi 20, yaani gramu 567. Akauweka katika kitako cha nyuzi za Kevlar na kaboni, na bunduki nzima ikaja kilo 2 na robo hivi bila darubini. Mafundi wengi huacha upenyo mdogo kati ya mtutu na kitako ili mtutu usiguse popote. Forbes alifanya kinyume: aliulaza mtutu juu ya kitako kigumu kwa urefu wake wote. Naitaja habari hii ya kifundi kwa sababu ina maana kubwa sokoni. Mwenye mali wa pili asiyeijua anaweza kuipeleka bunduki hiyo kwa fundi mwingine aufungue upenyo anaodhani ulisahauliwa, na kazi ya mwasisi ikaharibiwa kwa nia njema. Karatasi moja ya maelezo kutoka kwa mwenye mali wa kwanza ingeiokoa.

Wepesi una gharama yake. Risasi ileile yenye baruti ileile ikifyatuliwa katika bunduki iliyopunguzwa uzito kwa robo, nguvu inayorudi begani huongezeka kwa theluthi. Hiyo ni fizikia, na hakuna fundi anayeweza kuikwepa. Anaweza kuipunguza makali kwa mpira mzuri kwenye tako la bunduki, au kwa kifaa cha kutawanya gesi kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, ingawa kifaa hicho huzidisha kishindo kiasi cha kuumiza masikio ya kila aliye karibu, na waongoza wawindaji wengi hawakipendi. Mtutu mwembamba nao hupata joto upesi. Risasi tatu za kwanza zinaweza kupasua karatasi mahali pamoja, ya nne na ya tano zikaanza kutangatanga. Kwa mwindaji hilo si kosa, maana nafasi yake ni ya risasi moja au mbili mtutu ukiwa baridi. Lakini mnunuzi anayekwenda uwanja wa shabaha na kupiga risasi ishirini mfululizo atarudi akidai ameuziwa kitu kibovu. Muuzaji mwaminifu humwambia haya mapema. Anamwonyesha karatasi yenye matundu matatu, anamweleza ilipigwa kwa risasi ya kampuni gani na kwa umbali gani, na hadai zaidi ya hapo.

Bunduki ya kuagiza ni kama suti ya kushonesha: kadiri ilivyomkaa vizuri mwenyewe, ndivyo watu wengine wachache watakavyoweza kuivaa. Katika bunduki nyingi za kiwandani, umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako ni sentimita 34 hadi 35. Mtu mfupi aliyeagiza cha sentimita 32 amejifanyia jambo la busara kabisa, lakini ameshawapoteza wanunuzi warefu. Anayetumia mkono wa kushoto ameagiza mtambo wa kushoto, na wanunuzi wake sasa ni sehemu ndogo ya wawindaji, ijapokuwa hao wachache huwa tayari kusafiri mbali kuufuata. Herufi za jina zilizochongwa kwenye chuma, rangi ya kitako iliyochaguliwa na mwana wa mwenyewe, picha ya mnyama kwenye bamba la chini, vyote vilikuwa na thamani nyumbani mwake. Sokoni ni mambo ambayo mgeni anaombwa kuyavumilia.

Kaliba ndiyo kubwa kuliko yote hayo. Bunduki ya .30-06 ya 1906, ya .308 Winchester ya 1952 au ya 6.5 Creedmoor ya 2007 inapata risasi katika duka lolote la Marekani lenye kuuza risasi. Sasa mfikirie yule aliyemwagiza fundi amchongee chemba ya risasi isiyotengenezwa na kiwanda chochote, ambayo mwenyewe huiunda mezani kwake kwa kubadili umbo la maganda ya risasi nyingine. Pengine amepata mwendo kasi zaidi kidogo. Anapouza, anatafuta mtu mwenye vifaa vya kupakia risasi, mwenye muda, na mwenye ladha kama yake. Mfano mzuri ni .280 Ackley Improved, iliyopewa jina la fundi Parker Ackley. Kwa miongo mingi ilikuwa ya watu wa kujipakia wenyewe, hadi 2007 kampuni ya Nosler ilipoipeleka ikakubaliwa rasmi kuwa kipimo cha viwandani. Tangu hapo risasi zake zinauzwa kwenye maboksi, na mwenye bunduki ya kaliba hiyo anazungumza na wanunuzi ambao zamani wasingemsikiliza. Chuma chake hakikubadilika hata kidogo.

Anayeuza bunduki ya kaliba adimu atoe pamoja nayo zile kalibu za kupakilia risasi, maganda matupu na daftari la vipimo. Bila hivyo anauza nusu ya kitu. Risasi alizozipakia mwenyewe asiziuze wala asizitoe zawadi, kwa kuwa kosa dogo la kipimo cha baruti linaweza kumpasukia mtu usoni, na mnunuzi hana njia ya kujua kilichomo ndani ya ganda.

Ushindani wa viwanda nao umekula sehemu ya bei. Zamani aliyetaka bunduki ya chini ya kilo 2 na nusu hakuwa na pa kwenda ila kwa fundi. Tangu miaka ya 2000 viwanda kama Kimber vimeuza bunduki za namna hiyo zikiwa tayari, zenye vitako vya nyuzi na chuma kisichoshika kutu kirahisi, kwa bei ndogo kuliko ya kuagiza. Kwa hiyo wepesi peke yake hauuzi tena. Kinachoifanya bunduki ya kuagiza isimame bei ni jina la aliyeiunda, na jina hilo lazima lithibitike. Barua ya fundi inayotaja namba ya bunduki, mtutu wa kampuni gani, mwaka gani na kazi gani zilifanyika, ina thamani kuliko picha kumi nzuri. Bunduki isiyo na barua, hata kama kweli ilitoka kwenye mikono maarufu, itauzwa kama kazi ya fundi asiyejulikana.

Jina hukata pande zote mbili. Wakusanyaji wanazithamini sana Winchester Model 70 zilizotengenezwa kabla ya 1964, mwaka ambao kiwanda kilibadilisha namna ya kuzitengeneza. Mtu aliyeichukua moja ya hizo akaukata mtutu, akatoboa matundu mapya na kutupa kitako cha asili ili apate bunduki nyepesi, ameondoa kile hasa ambacho mkusanyaji angelipia. Kama kazi ilifanywa na Biesen au mtu wa hadhi yake, imehamia kwenye daraja jingine la thamani. Kama ilifanywa na fundi wa mtaani, hasara haina pa kufidiwa.

Bunduki nyingi za kuagiza zimejengwa juu ya mtambo wa Remington 700, uliotoka 1962, au mitambo iliyoiga vipimo vyake. Hili humpa muuzaji njia ya pili. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, sehemu inayohesabiwa kuwa silaha ni ile yenye namba, mwili wa mtambo. Mtutu, kitako, kifyatulio na darubini ni vipuri tu, na kwa sheria hiyo vinaweza kuuzwa kimoja kimoja kama mali nyingine. Kwa kuwa vipuri vya vipimo vya 700 vina soko kubwa, wakati mwingine jumla ya vipande huzidi bei ya bunduki nzima. Nakiri kwamba hesabu hiyo ni sahihi, lakini sipendi kuona kazi nzuri ya fundi ikichinjwa namna hiyo kabla mwenyewe hajajaribu kuiuza ikiwa nzima. Mwenye Model 20 ya Forbes hana hata sababu ya kuifikiria: kitako chake kilitengenezwa kwa mtambo huo, na aliye na mtambo mwingine hakimfai.

Hapo kwenye Remington kuna onyo la usalama. Mnamo 2014 kampuni hiyo iliziita zirudishwe bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio kiitwacho X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kidole kuvuta. Vifyatulio vya zamani vya 700 navyo vimepelekwa mahakamani mara nyingi. Mafundi wengi wa kuagiza huviondoa na kuweka vya kampuni nyingine, ila muuzaji asikisie. Apeleke bunduki kwa fundi, ajue ni kifyatulio gani kimo ndani, aandike. Kumkabidhi mtu bunduki inayoweza kufyatuka yenyewe huku ukijua ni kosa ambalo punguzo la bei haliwezi kulifuta.

Mnunuzi makini ataomba fundi wake achungulie ndani ya mtutu kwa kamera nyembamba, na muuzaji asikasirike. Joto la baruti huanza kula michirizi ya ndani pale tu risasi inapotoka kwenye chemba. Mtutu wa .308 huweza kudumu kwa maelfu ya risasi, wakati kaliba zenye baruti nyingi katika tundu dogo huanza kupoteza shabaha mapema zaidi. Bunduki ya mlimani kwa kawaida imepiga risasi chache sana, na hapo muuzaji ana faida kubwa: mikwaruzo ya mawe kwenye kitako inatisha kwa macho, kumbe mtutu bado ni mpya. Fundi ataangalia pia kinywa cha mtutu kama kimegongwa, kama bolti ni ile iliyotoka na mtambo huo, na kama chemba bado iko katika vipimo. Ninavyoona, muuzaji anayetoa siku tatu za ukaguzi na kukubali kurudishiwa atapata bei bora kuliko anayesisitiza kuwa kilichouzwa hakirudi.

Kuhusu pa kuuzia sitasema mengi. Duka litakupa fedha leo, lakini kwa bei inayomwachia faida yake. Ukiiacha dukani iuzwe kwa niaba yako, duka hukata kamisheni na wewe hungoja. Nyumba za mnada kama Rock Island Auction Company iliyoanzia Illinois zinafaa kwa kazi za mafundi wenye majina makubwa, na bunduki ya kawaida ya kuagiza hupotea kati ya mamia mengine. Kumpata mnunuzi mwenyewe hulipa zaidi, na ndiko kunakodai umakini mkubwa wa sheria.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 inakataza mtu asiye na leseni kumuuzia moja kwa moja mkazi wa jimbo jingine. Bunduki lazima iende kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya shirikisho, kwa kawaida katika jimbo la mnunuzi, naye mnunuzi ajaze fomu namba 4473 na kukaguliwa katika mfumo wa kitaifa unaoendeshwa na FBI, ulioanza kazi Novemba 1998 kwa mujibu wa Sheria ya Brady ya 1993. Kwa watu wawili wa jimbo moja, sheria ya shirikisho hailazimishi ukaguzi huo, ila majimbo kadhaa yanaulazimisha: California tangu zamani, Colorado tangu 2013, Washington baada ya kura ya wananchi ya 2014, na mengine yamefuata. Kote ni kosa kumuuzia mtu unayemjua, au una sababu ya kuamini, kuwa amekatazwa kumiliki silaha, kama aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai au kwa kumpiga mwenzi wake. Kumnunulia mwingine kwa kujifanya mnunuzi halisi nako ni jinai. Mwaka 2022 Bunge liliupanua pia ufafanuzi wa mtu anayehesabiwa kufanya biashara ya silaha. Anayeuza bunduki yake moja haguswi, lakini anayenunua na kuuza mfululizo ili apate faida anahitaji leseni.

Watu hudhani kwamba serikali ya Marekani ina orodha ya kila bunduki na mwenyewe. Haina, na sheria ya 1986 inaikataza kuiunda. Bunduki ikikutwa kwenye tukio la uhalifu, kituo cha ufuatiliaji cha ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kilichopo Martinsburg, West Virginia, huanza kwa mtengenezaji, hushuka hadi duka la kwanza, hufungua fomu 4473 ya mnunuzi wa kwanza, na mara nyingi njia huishia hapo. Mnunuzi wa kwanza ni wewe uliyeagiza. Kama uliiuza mkononi kwa mkono bila karatasi, huna cha kuwaonyesha maofisa ila maneno. Ukipitia kwa mwenye leseni hata pale ambapo sheria haikulazimishi, kwa ada ndogo unaacha nyuma yako rekodi yenye tarehe na namba, na mnunuzi amekaguliwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko nyingine zote katika mauzo haya. Mwenye leseni atasaidia pia kusafirisha, maana posta inamruhusu mtu binafsi kumtumia bunduki ndefu mwenye leseni wa jimbo jingine, lakini kampuni kubwa binafsi za usafirishaji zimebana masharti kwa wasio na leseni.

Wapo Waswahili wengi wanaoishi Marekani, na baadhi yao wamependa uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, amekatazwa isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote au msamaha mwingine uliotajwa na sheria. Muuzaji asiyejua hili anaweza kumwingiza mwenzake kwenye kosa linaloweza kumfukuzisha nchini. Wala asidhani kwamba anaweza kumuuzia ndugu aliye Arusha kwa kuituma tu: kutoa bunduki nje ya Marekani kunahitaji kibali, ambacho tangu 2020 kwa bunduki za namna hii kinasimamiwa na Wizara ya Biashara, na nchi inakokwenda ina masharti yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii 1977. Tanzania inauendeleza katika vitalu, na huko kaliba ya .375 ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwa nyati, kwa hiyo bunduki nyepesi ya .270 ingebaki kuwa ya swala tu.

Bunduki nyingi za aina hii huingia sokoni mwenyewe akiwa amefariki au magoti yamekataa mlima. Sheria ya shirikisho inamruhusu mrithi aliye jimbo jingine kuipokea kwa wosia au kwa urithi bila kupitia kwa mwenye leseni, mradi yeye si miongoni mwa waliokatazwa. Anayepata shida ni mjane aliyeachiwa kabati asilolijua. Jirani humwambia ile bunduki ndogo nyepesi yenye kitako cha plastiki haina thamani, ampatie dola mia tatu aiondoe. Kitako anachokiita plastiki huenda ni Kevlar, na karatasi zilizomo kwenye droo ya chini, alizokuwa karibu kuzitupa, ndizo zenye fedha.

Basi, wewe mwenye bunduki ya namna hii, usingoje siku ya kuuza. Andika leo jina la fundi, mwaka, namba, kaliba, vipimo vya kitako na idadi ya risasi zilizopita, uiweke karatasi hiyo pamoja na risiti, na umwambie mkeo au mwanao iliko. Siku ya kuuza ikifika, weka bei kwa kutazama bunduki kama yako zimeuzwa kwa kiasi gani, siyo wewe ulilipa kiasi gani. Na mnunuzi atakayekataa kupitia kwa mwenye leseni, usimuuzie, hata akikuongezea dola elfu.